Bluu yetu imetoka zambarau: je, tuliibiwa?

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa usanifu wa michoro hapa Kampala, kwetu Arua. Mimi na wenzangu wawili tumeanzisha studio ndogo, tukajichorea nembo ya bluu kali inayofifia taratibu kuelekea samawati. Kwenye laptopu na kwenye simu kila aliyeiona aliipenda. Tukapeleka kazi Nasser Road, mtaa wa wachapaji: kadi za biashara 500, tisheti tatu na bango moja. Kadi zimetoka na bluu inayoelekea zambarau, imekufa kabisa. Bango lina bluu yake, tisheti zina yao. Mchapaji anasema tu kwamba 'rangi ndivyo zilivyo'. Mwenzangu mmoja anasema tungetuma faili la dpi 600 na kuligeuza CMYK haya yasingetupata. Mwingine anataka tutoe akiba yetu yote tununue mashine yetu wenyewe. Mimi naona aibu hata kumpa mtu kadi hizi. Je, tuliibiwa? Na studio itajitangaza vipi ikiwa rangi yake yenyewe haishikiki?"

Pole kwa kadi, kijana wangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: kwa upande wa bluu, hamkuibiwa. Bluu mliyoipenda kwenye simu haimo ndani ya wino. Nasser Road hakuna wa kukutolea, Nairobi hayupo, na hata ukifika Heidelberg kule Ujerumani, mji ulioipa jina mashine ya ofseti (ile inayochapa kwa pleti, yaani bamba) inayojulikana kuliko zote, utapewa bluu ileile iliyochoka. Kuhusu namna kadi zilivyochapwa na kukatwa, huenda mchapaji ana lake la kujibu, na nitakuonyesha jinsi ya kulijua. Lakini tatizo kubwa lilitokea kabla hamjapanda boda kwenda mjini. Mlichagua rangi kwenye kioo, kisha mkaenda kuitafuta kwenye karatasi. Rangi ya studio huchaguliwa kwenye karatasi kwanza, halafu ndipo mtu akatafute inayofanana nayo kwenye kioo.

Ili usinikubalie kwa sababu tu nimesema, tuangalie kinachotokea. Skrini inatoa mwanga. Kila pikseli ina vitaa vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu. Ukitaka bluu kali, cha bluu kinawaka kwa nguvu zote, vingine viwili vinazimwa, na mwanga unakuingia jichoni moja kwa moja. Karatasi haina taa. Inangoja mwanga wa jua au wa balbu uipige, wino umeze sehemu ya mwanga huo, na kinachosalia ndicho kinachorudi kwako. Wino wa sayani, ile samawati ya wachapaji, humeza mwekundu, majenta, ile waridi kali, humeza kijani, njano humeza bluu. Kwa hiyo anayetaka bluu kwenye karatasi hana budi kulaza sayani na majenta pamoja, wa kwanza umeze mwekundu, wa pili umeze kijani, ibaki bluu.

Wino ungekuwa msafi, hesabu ingeishia hapo. Lakini wino wa kweli una ulafi wake. Majenta, pamoja na kijani, humeza pia sehemu kubwa ya bluu yenyewe. Sayani nayo huiba kidogo kwenye kijani na kwenye bluu. Ndiyo maana bluu, kati ya rangi zote, huumia zaidi ikitoka kwenye kioo kuja kwenye karatasi. Kijani kile cha kung'aa kama taa huumia pia, na machungwa makali. Nyekundu haiumii hivyo, na njano na nyeusi zimo tayari ndani ya makopo. Tazama bendera yetu: nyeusi, njano, nyekundu. Aliyeichagua hakuwa akiwaza mashine za uchapaji, lakini wachapaji wa Uganda wana bahati nayo. Msimu wa kampeni ukifika, mabango ya njano na mekundu hutoka yakiwaka, na ya bluu hukaa kwa unyonge kando yake. Wala siasa haimo humo.

Sasa hiyo zambarau. Ukichukua bluu kamili ya skrini, yaani nyekundu 0, kijani 0, bluu 255, ukaiacha Photoshop iigeuze kuwa wino kwa mpangilio wake wa kawaida, inakupa karibu sayani asilimia 88 na majenta asilimia 77. Angalia namba hizo zilivyokaribiana. Majenta ikimkaribia sayani hivyo, jicho halisomi bluu tena, linasoma zambarau. Mafundi wa zamani wana kanuni yao, nami nimeiona ikifanya kazi kila mara: acha pengo la alama 30 au zaidi kati ya sayani na majenta. Sayani 100 na majenta 60 itakupa bluu ambayo mtu yeyote barabarani ataiita bluu. Haitawaka kama simu. Itakuwa bluu ya karatasi, nayo ina heshima yake.

Mwenzako wa dpi 600, yaani nukta 600 katika kila inchi, ameshika nusu ya jambo, na nusu hiyo haihusu rangi. Azima lenzi ya kukuzia, ile ndogo wachapaji wanayoweka juu ya karatasi, uitazame kadi yako. Pale ulipodhani pana rangi moja iliyolala utaona vitone: vya sayani vimepangwa kwa pembe yake, vya majenta kwa pembe nyingine, na weupe wa karatasi ukichungulia katikati. Kazi nzuri ya ofseti huwa na mistari kama 150 ya vitone hivyo katika kila inchi, na picha inahitaji pikseli kama mbili kwa kila mstari. Hapo ndipo ile 300 inayokaririwa darasani ilipotoka. Ukituma 600, faili linakuwa kubwa mara nne na mashine inatupa ziada. Kadi ya milimita 85 kwa 55, ukiongeza milimita 3 kila upande za kukatia, inakuwa 91 kwa 61. Kwa dpi 300 hiyo ni pikseli 1,075 kwa 720 hivi. Basi. Na nembo yenu, ikiwa imechorwa kwa vekta, yaani kwa mistari badala ya pikseli, kwenye Illustrator au CorelDRAW kama inavyopaswa, haina habari na dpi hata kidogo. Itachapwa sawasawa kwenye kalamu na kwenye ukuta wa ghorofa.

Hapa niulize: mlituma faili kwa njia gani? Ikiwa ni kwa WhatsApp, kama picha, basi ilibanwa njiani na kingo zake zikaliwa. WhatsApp itumie kwa hati, au peleka flashi. Nusu ya malalamiko ya "mashine imeharibu nembo yangu" huwa ni nembo iliyopita kwenye makundi mawili ya WhatsApp kabla ya kufika mezani kwa fundi.

Kuligeuza faili kuwa CMYK, yaani wino nne za sayani, majenta, njano na nyeusi, nako si dawa. Kugeuza hakuongezi rangi yoyote. Kunakuonyesha hasara mapema, ukiwa bado kwenye kiti chako, badala ya kuigundua ukiwa umeshalipa. Hiyo peke yake inatosha kulifanya. Katika Photoshop bonyeza Ctrl na Y, itakuonyesha jinsi rangi zitakavyokaa kwenye wino bila kuligusa faili lenyewe. Moyo utakuvunjika kidogo mara ya kwanza. Afadhali uvunjike hapo.

Na msipogeuza ninyi, mashine inageuza yenyewe, kila moja kwa akili yake. Ndiyo siri ya bluu zenu tatu. Mashine ya kadi ilizisoma namba zenu za RGB, zile za nyekundu, kijani na bluu za skrini, ikazitafsiri kwa tona yake, yaani wino wa unga. Mashine ya bango ikazitafsiri kwa wino wake wa solventi, juu ya turubai la plastiki ambalo hata weupe wake si weupe wa kadi. Tisheti ndizo hazikuwa na tafsiri kabisa, nadhani. Kwa tisheti tatu hakuna fundi atakayejisumbua kutengeneza fremu za kuchapia. Atakata vinyo, ile plastiki nyembamba ya rangi, na kuibandika kwa pasi ya joto, na vinyo huja na rangi yake tayari kwenye roli. Fundi alichukua bluu iliyokuwa dukani siku ile. Kwenye vinyo huwezi kudai rangi yako. Unachagua iliyo jirani na yako, unaandika namba ya roli, na unaishi nayo.

Nikupe sasa kazi ya kufanya, na hii ndiyo ningependa uifanye hata ukisahau mengine yote. Tengenezeni ukurasa mmoja wa milimita 320 kwa 450, karatasi inayoingia kwenye mashine nyingi za dijitali pale mtaani. Chora miraba ya sentimita tatu kwa safu. Safu ya kwanza, sayani 100 na majenta ianzie 40, kisha 50, 60, 70, 80. Safu ya pili rudia vivyo hivyo lakini ongeza nyeusi 10. Safu ya tatu sayani 90, ya nne 80. Chini ya kila mraba andika namba zake kwa nyeusi tupu, herufi ndogo. Pembeni weka nembo yenu kwa upana wa sentimita mbili, kwa rangi tatu au nne kati ya hizo. Nenda kwa mchapaji mnayekusudia kufanya naye kazi, mwambie akuchapie ukurasa huo mmoja kwenye kadi ya gramu 300, na mwingine kwenye karatasi ya kawaida ya barua. Halafu mwombe apake plastiki nusu ya ile ya kadi: ile isiyong'aa hupooza rangi kidogo, ile ya kung'aa huikoleza, na mtu asiyeliona hili kwa macho yake haliamini.

Utashangaa tofauti ya karatasi hizo mbili kuliko tofauti ya miraba. Karatasi isiyopakwa, kama ile ya barua, hunywa wino kama chapati inavyonywa mchuzi. Vitone vinatanuka, rangi inakuwa nzito na chafu. Bluu iliyo nzuri kwenye kadi inaweza kutoka kama wingu la mvua kwenye barua. Ndiyo sababu vitabu vya rangi vya Pantone, vilivyoanza mwaka 1963, hutolewa kwa karatasi ya kung'aa na kwa isiyopakwa, kila kimoja peke yake. Vitabu hivyo ni ghali kwa mwanafunzi. Ukurasa wako unafanya kazi ileile kwa bei ya karatasi mbili, tena unaonyesha wino wa mashine mtakayoitumia kweli.

Usiutazame chini ya taa za ndani ya duka. Taa zile zina rangi yake, na rangi mbili zinazofanana ndani zinaweza kuachana nje. Toka hadi mlangoni, simama kivulini, saa za mchana, usiuweke kwenye jua kali. Chagueni mraba. Andikeni namba zake. Kisha rudini kwenye laptopu mtafute RGB inayofanana na mraba huo, na hiyo ndiyo itakayokuwa bluu ya tovuti na ya Instagram. Kioo kinaweza kuiga karatasi kwa karibu. Karatasi ndiyo haiwezi kukiiga kioo.

Wateja wenu wafanyieni vivyo hivyo. Mteja wa Kampala huidhinisha nembo akiwa kwenye foleni ya magari, kwenye simu ya kioo kinachotia chumvi rangi zote, mwanga umepandishwa hadi mwisho. Akija kuiona kwenye karatasi atasema mmemuuzia mbuzi kwenye gunia. Mpelekee kipande cha karatasi, aweke sahihi juu yake. Ikifika siku ya ugomvi, karatasi hiyo yenye sahihi itakuwa na thamani kuliko ujumbe wowote wa simu.

Kuhusu ile rangi inayofifia kuelekea samawati, sitakuficha: ningeiondoa. Si kwa sababu ni mbaya. Fikiria nembo hiyo itakakopita. Itakwenda kwenye muhuri wa studio, na hapa kwetu ankara isiyo na muhuri mteja huitazama mara mbili. Muhuri una wino mmoja na upana wa sentimita nne. Itakwenda kwenye kitabu cha risiti chenye nakala, kinachochapwa kwa rangi moja kwenye ofseti kongwe. Itadariziwa kwenye fulana, na uzi haufifii. Nembo isiyoweza kusimama kwa rangi moja itawalazimu kuwa na nembo ya pili, na ya tatu, na hapo hakuna chapa tena.

Mkitaka kuelewa kwa nini wazee wa mtaa ule wanapenda kazi ya rangi moja au mbili, ombeni kusimama karibu na Heidelberg GTO ya rangi moja ikifanya kazi. Inachukua karatasi hadi sentimita 36 kwa 52, na kila mzunguko unaweka rangi moja tu. Kazi ya rangi nne hupitishwa mara nne, na katikati fundi huosha roli za wino, hubadilisha pleti, hupanga upya. Ofseti hutumia maji pamoja na wino, kwa hiyo karatasi hunyonya unyevu na kutanuka kidogo kila inapopita. Fundi anakaza na kulegeza, anatazama alama za msalaba pembeni kwa lenzi, anakaza tena. Herufi nyembamba iliyotengenezwa kwa rangi mbili juu ya nyingine itakuwa na kivuli cha majenta pembeni hata mikononi mwa fundi bora. Lakini ukimpa wino mmoja uliochanganywa tayari kwenye kopo, bluu yenu hasa, hakuna cha kupishana. Tena wino uliochanganywa kwenye kopo unaweza kufika kwenye bluu ambazo sayani na majenta haziwezi kufika. Mkichukua njia hiyo, jihadharini na Reflex Blue ya Pantone. Ni bluu nzuri mno, na ni maarufu kwa kuchelewa kukauka. Fundi akiikata mapema itapaka kila karatasi iliyo juu yake.

Kwa kadi 500, hata hivyo, ofseti haina maana. Piga hesabu. Kwenye ile karatasi ya 320 kwa 450 mnapanga kadi tatu kwa saba, yaani 21. Karatasi 24 zinatoa kadi 504. Kazi nzima ya mashine ya dijitali ni karatasi 24, pamoja na mbili tatu za kuharibika. Hakuna atakayetengeneza pleti nne za alumini kwa karatasi 24, na akitengeneza, mtalipia ninyi. Ofseti huanza kuwa na faida pale gharama ya pleti inapogawanywa kwa maelfu ya nakala: vipeperushi, kalenda, vitabu vya shule.

Hesabu hiyohiyo ndiyo jibu langu kwa anayetaka mashine. Studio ya watu watatu yenye kazi ya karatasi 24 leo na nyingine ya karatasi 40 wiki mbili baadaye haina cha kuilisha mashine ya dijitali. Itakaa ikidai matengenezo, tona na umeme, na bado mchapaji wa mtaani atawashinda bei kwa sababu ananunua karatasi kwa wingi. Printa ndogo za matangi, zile za Epson mnazoziona kila duka, zinafaa kwa kuangalia mpangilio. Kwa kadi hapana, maana wino wake wa kawaida hutiririka ukiguswa na mkono wenye jasho. Pasi ya kuhamishia picha kwenye vikombe na fulana ina wateja, ila kwenye fulana wino wake hushika kwenye polyesta nyeupe au ya rangi nyepesi tu. Fulana nyeusi ya pamba haiwezi.

Nina hali moja ya kunibadilisha mawazo. Ukiniambia kwamba mkimaliza masomo studio inahamia Arua, karibu kilomita 500 kutoka mtaa wa wachapaji, nitakaa chini tuhesabu upya. Kule kikata vinyo na pasi ya joto vinaweza kujilipa, kwa sababu mteja hatasubiri basi la usiku kwa ajili ya stika za pikipiki. Kwa Kampala, akiba yenu iende kwenye lenzi, rula ya chuma, sampuli za karatasi, na prufu, yaani nakala za majaribio. Prufu nyingi.

Turudi kwa mchapaji. Je, ana kosa? Chukua kadi ya juu kabisa, ya katikati na ya mwisho kwenye boksi, uzipange mezani. Zikiwa na bluu moja, hata kama ni mbaya, mashine ilifanya ilichoambiwa. Zikiwa zimetofautiana, moja nzito na nyingine imepauka, hilo ni lake. Tazama kingo: nembo ikikaa katikati kwenye kadi moja na kusogea milimita mbili kwenye nyingine, ni mkataji. Ukiona mstari mweupe mwembamba pembeni mwa kadi yenye rangi hadi ukingoni, uliza kwanza kama faili lenu lilikuwa na ile ziada ya milimita 3. Kama halikuwa nayo, mstari huo ni wenu. Na je, aliwaonyesha prufu? Asipowaonyesha, ana lawama. Mkikataa wenyewe kwa sababu ya haraka, mmegawana. Mrudieni kwa upole, na kadi tatu mkononi, msiende na boksi zima na hasira. Fundi akiona mnajua mnachokitazama mara nyingi atapunguza bei ya kazi inayofuata, na mtakuwa mmepata mtu wa kuwafundisha.

Kuhusu studio yenyewe nitakuwa mfupi, maana rangi ni sehemu ndogo ya chapa. Kabla ya kuchapa kitu kingine chochote, tafuteni kama jina lenu halijachukuliwa kwenye Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB. Kusajili jina la biashara si kuimiliki nembo. Alama ya biashara husajiliwa kivyake, chini ya sheria ya mwaka 2010, hudumu miaka 7 kisha huongezwa 10 kwa kila uhuisho. Pia andikianeni ukurasa mmoja ninyi watatu: nembo ni ya nani mmoja akiondoka? Kwa wateja, jueni kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 2006 huiweka kazi ya kuagizwa mikononi mwa aliyeagiza, mkataba usiposema vingine. Mkitaka kuionyesha kazi hiyo kwenye mkusanyo wenu, liandikeni hilo kabla ya kupokea malipo.

Na kwa kuwa mtazunguka Nasser Road, siku moja mtu mpole, mwenye pesa taslimu, atawaomba "mrekebishe" cheti cha chuo au mchore muhuri wa ofisi fulani. Mtaa ule una jina la kughushi pia. Mwambieni hapana siku hiyohiyo. Studio changa huvunjwa na kazi moja ya namna hiyo.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyaona kupitia maandishi. Siwezi kuona kama skrini yako imewashwa kile kichujio cha usiku kinachoifanya ya manjano, wala kama faili lenu lina nyeusi iliyojaa rangi zote nne hadi asilimia 400, kiasi ambacho ofseti haiwezi kukausha. Mpelekee mhadhiri wako laptopu yenyewe pamoja na kadi, muweke mezani pamoja. Kwa alama ya biashara, muoneni wakili wa masuala hayo au ulizeni URSB moja kwa moja kabla hamjalipa ada. Kwa rangi, nenda kwa mchapaji asubuhi, kabla kazi hazijarundikana, na usiende wiki ya kufungua shule wala Desemba ya kalenda. Beba flashi, ule ukurasa wa miraba, na kadi zenu tatu. Mwombe akuruhusu usimame pembeni ya mashine.

Zile 500 msizitupe. Mtu utakayempa hajawahi kuiona ile bluu ya kwenye simu, hana cha kuilinganisha nayo. Zitumieni hadi ziishe, na toleo lijalo chapeni 100 tu.